Ekseli ya Nyuma ya Land Rover ya Zamani

Somo la Redio kwa Watu Wazima: Historia ya Vyombo vya Kazi

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa mahali pake, na mwandishi wa kikundi ana kalamu na karatasi, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Mimi ni Afisa Elimu, nasema nanyi kutoka Kisarawe.

Somo letu ni la historia, na leo tutaisoma tukiwa tumelala chali chini ya motakaa. Msicheke. Kuna historia iliyoandikwa vitabuni, na kuna nyingine iliyoandikwa katika chuma, na mtu asiyeijua hii ya pili anaweza kupoteza mali yake, hata roho yake. Nitawaelezeni kwa nini nimelichagua jambo hili.

Mwaka jana nilikuwa natoka Dar es Salaam kurudi kazini. Nilipofika Pugu nilipata lifti katika Land Rover ya mzee mmoja wa huku kwetu, ile ndefu ya inchi 109, iliyotengenezwa katika miaka ya 1960. Injini yake ya asili ilikuwa imekufa, na kijana wa mzee huyo alikuwa ametia injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser, yenye nguvu nyingi. Nyuma palikuwa na magunia ya saruji, kina mama wawili na mtoto. Katikati ya mlima wa kupandia Kisarawe gari ilisimama kupisha lori. Dereva alipoondoa tena, tukasikia mlio kama wa mti mkavu unaovunjika. Injini ikanguruma, gari haiendi. Dereva akashika breki ya mguu, akavuta na breki ya mkono hadi mwisho, kisha akateremka kutazama chini. Mara alipoondoa mguu wake, gari likaanza kurudi nyuma, nasi tumo ndani.

Tuliokolewa na utingo. Kijana yule aliruka, akasukuma gogo chini ya tairi ya nyuma, gari likasimama. Naliuliza moyoni: breki ya mkono imevutwa, mbona haikushika? Jibu la swali hilo ndilo somo la leo.

Kwanza tuelewe njia ya nguvu. Injini inazungusha giaboksi. Giaboksi inazungusha propela shafti, ile fimbo ndefu mnayoiona chini ya gari. Propela shafti inaingia katika tumbo la chuma lililo kwenye ekseli ya nyuma, nalo ndilo difu. Ndani ya difu mna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo inasukuma gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni. Hapo nguvu inageuka upande, inatoka kwa fimbo mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, mpaka magurudumuni. Fimbo hizi mafundi wetu huziita hafu shafti. Kila kilo ya nguvu inayolisukuma gari ni lazima ipite katika fimbo hizo mbili, na unene wake ni kama wa mpini mwembamba wa jembe.

Kwa nini pawe na difu, isiwe fimbo moja tu toka gurudumu hata gurudumu? Watazameni watoto wa shule wanapopiga gwaride na kugeuka kona. Yule wa ndani anakanyaga palepale, yule wa nje anapiga hatua ndefu. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilitatua jambo hili mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, kabla motakaa ya petroli haijazaliwa. Gia zake ziliruhusu gurudumu moja liende upesi kuliko mwenzake. Ila difu ina tabia moja mbaya ambayo imebaki nayo tangu siku ile: upande mmoja usipokuwa na kizuizi, difu humwaga mzunguko wote upande huo. Ndiyo sababu gari lenye tairi moja katika matope huzungusha tairi hiyo peke yake, na ile iliyo kwenye ardhi kavu inatulia.

Sasa mnaweza kufumbua fumbo la mlimani. Katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, nyuma ya giaboksi. Hafu shafti moja ikikatika, propela shafti inaweza kushikwa barabara, lakini kipande kilichokatika kinazunguka bure ndani ya difu, na gurudumu zima la upande wa pili linarudi nyuma litakavyo. Breki ya mkono inakuwa imeshika hewa. Dereva wetu alikuwa hajui. Mimi pia, pamoja na diploma yangu ya chuo kikuu, nilikuwa sijui.

Fundi alipokuja alisukuma chini kile kirungu cha manjano kinachounganisha ekseli ya mbele, tukapanda mlima tukivutwa na magurudumu ya mbele. Ndiyo faida ya gari la namna hiyo.

Tuje sasa kwenye historia yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma Uingereza kilikuwa kwa mgao, na kiwanda cha Rover kilitaka gari la shamba la kuuza nchi za nje. Lilikuwa gari dogo, inchi 80 kutoka ekseli hadi ekseli, na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50 hivi. Kwa nguvu hizo ekseli yake ilitosha kabisa.

Lakini gari lilipendwa, nalo kila linachopendwa huongezewa mzigo. Likarefushwa. Mwaka 1956 ile ndefu ikawa ya inchi 109, na mwaka 1958 ikaja Land Rover ya Namba Mbili. Injini ya petroli ikawa lita 2.25, yenye nguvu za farasi 77. Ekseli nayo ilirekebishwa hapa na pale, ila msingi wake ukabaki ule ule. Mwisho wa hafu shafti, pale inapoingia katika difu, ulikuwa na meno 10 tu, na hapo ndipo ilipokuwa ikikatika. Katika nchi zote zilizotumia magari hayo kwa kazi nzito, dereva mwenye busara alibeba hafu shafti ya akiba, kama vile msafiri wa zamani alivyobeba kibuyu cha maji.

Sitaki mniambie nawatukana wazee hao wa chuma. Gari hizi zilifika mahali ambapo gari nyingine hazikufika. Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha hapa jirani, Pugu, mwaka 1955, alizunguka nchi akiwa katika Land Rover ya TANU, na barabara za siku zile mnazijua. Lakini ukweli ni ukweli. Huko Australia, katika kazi kubwa ya mabwawa ya milima ya Snowy, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakandarasi walianza kuleta Land Cruiser kutoka Japani. Gari hilo la Toyota lilianza mwaka 1951 likiwa na injini ya lori ya lita 3.4. Mjapani alianza na injini kubwa, kwa hiyo ilimbidi afikirie mapema njia ya kupitisha nguvu zake. Mwingereza alianza na injini ndogo, akaikuza, na ekseli ikabaki nyuma ya maendeleo.

Tatizo hili halikuwa la gari za shamba peke yake. Mnayakumbuka, au mmesimuliwa na wazee, mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliingia magari 84 na mwaka 1968 yakaingia 93. Kila mara yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, motakaa ambayo difu yake ilikuwa ya namna ya pekee, gia kama skrubu nene inayozungusha gurudumu la meno. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda katika Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Escort ilikuwa motakaa ndogo ya kwendea sokoni. Kiwanda kilipoitia injini ya mashindano hakikuiacha na ekseli yake nyepesi. Kiliitia ekseli nzito iitwayo Atlas, ya namna iliyotumika katika motakaa kubwa ya Capri ya lita 3. Na hata katika Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa mwaka 2003, watu wanaozifufua Escort hizo kwa injini kali bado wanatafuta ekseli ya Atlas. Wamerithi fundisho hilo kutoka kwa waliotangulia.

Nao Rover walifanya nini? Walichelewa, lakini walifanya. Land Rover ya Namba Tatu ilitoka mwaka 1971, na muda mfupi baadaye ile ndefu ya inchi 109 ikapewa ekseli ya nyuma ya Salisbury. Jina hilo lisiwachanganye: haihusiani na mji wa Salisbury wa Rhodesia, ambao tangu mwaka 1982 unaitwa Harare. Ni jina la kiwanda cha ekseli, na ekseli yenyewe ni ndugu wa ile ya Marekani iitwayo Dana 60, inayobeba malori madogo. Krauni yake ni kubwa, upana wake karibu inchi 10. Hafu shafti zake ni nene, na badala ya meno 10 zina meno 24 pale zinapoingia katika difu. Mtu akiziweka mbili mezani, ya zamani na ya Salisbury, hahitaji mwalimu.

Mwaka 1979 kiwanda kilitoa Land Rover ndefu yenye injini kubwa ya V8 ya lita 3.5. Hapo kiwanda kilikuwa na shida ile ile ya kijana wa Kisarawe, injini kali katika gari la mtindo wa zamani. Tazameni walivyofanya. Waliipunguza nguvu injini hadi farasi 91. Walifanya ekseli zote mbili zivute wakati wote, ili nyuma isibebe mzigo peke yake. Nyuma waliweka Salisbury, na wakabadili hesabu ya difu kutoka 4.7 hadi 3.54. Wenye gari lao wenyewe walichukua tahadhari zote hizo. Fundi wetu chini ya mwembe alichukua ngapi?

Sasa shikeni kalamu. Nguvu ya kuzungusha tutaipima kama mafundi wa zamani. Fikirini spana yenye urefu wa mita 1, na mwisho wake tunatundika mzigo. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 inaweza kuinua kilo 17 hivi kwenye spana hiyo. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ya dizeli, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, inainua kilo 29. Mtu atasema, tofauti ni kilo 12, ni kitu gani? Subirini. Gari likiwa katika gia ya kwanza, giaboksi na difu ya Land Rover huzidisha nguvu hiyo karibu mara 20. Kwa hiyo 17 mara 20 ni 340. Na 29 mara 20 ni 580. Gawanyeni kwa hafu shafti mbili: kila moja ilizoea kubeba 170, sasa inadaiwa 290. Hapo nimechukulia kwamba giaboksi ya Land Rover imebaki, nayo ina malalamiko yake, lakini hayo si ya leo.

Mwandishi wa kikundi na aongeze hesabu moja, ambayo watu wengi huisahau. Tairi haiwezi kupokea nguvu bila kikomo, ikizidi, inateleza. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,500, juu ya barabara kavu na ngumu, tairi inashika kiasi cha sehemu 8 katika 10 za uzito huo, yaani kilo 1,200. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ardhini ni mita 0.4. Zidisheni: 480. Linganisheni na zile mbili za kwanza. Injini ya zamani, yenye 340, haikuweza kuifikisha hafu shafti kwenye kikomo hicho katika gia ya kwanza ya kawaida. Injini mpya, yenye 580, inakifikia na kukipita. Tena hesabu hii inaonyesha kwa nini shafti haikukatika katika matope ya masika, kijana aliposifu sana gari lake. Katika matope tairi iliteleza, ikaisalimisha shafti. Ilikatika juu ya lami kavu, mlimani, gari likiwa na saruji.

Kwa hiyo anayechagua ekseli asiulize injini peke yake. Aulize na mzigo, na ardhi, na ukubwa wa tairi, maana tairi kubwa ni spana ndefu zaidi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuibakiza ekseli ya zamani na kununua hafu shafti za chuma bora zaidi, zinazotengenezwa na mafundi wa nje. Inafaa kwa gari la mzigo mwepesi. Kwa gari la saruji siisifu, kwa sababu ugonjwa unahama tu: shafti isipokatika, gia za difu ndizo zitakazovunjika, na gia ni ghali kuliko shafti. Wako mafundi wazee wanaosema hafu shafti ni fyuzi ya gari, iache ikatike. Neno hilo lina akili yake uwanjani. Mlimani, penye abiria, sikubaliani nalo.

Njia ya pili ni ekseli ya Land Cruiser, ya namna ya kubeba mizigo. Ni imara sana, na vipuri vyake vinapatikana kila mji. Lakini ina masharti. Hesabu ya difu yake kwa kawaida ni 4.1, na ya ekseli ya mbele ya Land Rover ni 4.7. Ukiziunganisha ziende pamoja katika ardhi kavu, mbele na nyuma zitabishana mpaka kitu kivunjike. Basi utabadili na ya mbele pia. Magurudumu ya Land Cruiser za miaka ile yana nati 6, ya Land Rover yana 5, kwa hiyo bila kubadili zote mbili utahitaji tairi mbili za akiba. Na viti vya springi ni lazima vichomelewe upya. Mahali pa kuchomelea ni pale penye uzito wote wa gari, nami nimeona kazi nzuri na nimeona nyingine ya kutisha. Nyumba ya ekseli ikipata joto kupita kiasi inapinda, beringi zinakufa.

Njia ya tatu ni Salisbury, kutoka Land Rover ndefu ya Namba Tatu. Hiyo ndiyo ninayoiona bora kwa gari la inchi 109. Inakaa kwenye springi zile zile, inachukua magurudumu yale yale, na ile yenye hesabu ya 4.7 inapatana na ekseli ya mbele ya asili. Itabidi propela shafti ipimwe upya, maana pua ya difu haifiki mahali pamoja. Itabidi dereva akumbuke kuwa tumbo lake linaning'inia chini zaidi, mawe ya Maneromango hayana adabu. Na mafuta yake yawe ya difu hasa, ya kuhimili mgandamizo, kwa sababu meno ya pinioni na krauni yake husuguana kwa kuteleza. Mafuta ya injini yatayala. Asiyejua hesabu ya difu aliyoletewa ainue magurudumu yote mawili, azungushe propela shafti pole pole, ahesabu mizunguko yake mpaka magurudumu yote mawili yamalize mzunguko mmoja. Ikiwa karibu 4 na robo tatu, ni ya 4.7. Ikiwa 3 na nusu, ni ile ya V8, airudishe.

Jambo la mwisho ni la kutazama kabla ya kulipa. Ekseli nzuri ya mizigo ni ile ambayo uzito wa gari umebebwa na nyumba ya chuma ya nje, na hafu shafti inazungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake, kama lilivyobaki letu. Ziko ekseli nyingine, hasa za motakaa ndogo na za Land Rover za mwanzo kabisa, ambazo hafu shafti inabeba uzito na kuzungusha pia. Hiyo ikikatika vibaya, gurudumu linaweza kutoka na kukutangulia barabarani.

Yule mzee wa Kisarawe alimwita kijana wake, tukakaa watatu na karatasi kama mlivyokaa ninyi sasa. Kijana aliposikia neno la kuipunguza injini alikunja uso. "Shikamoo Mwalimu" aliyoniamkia asubuhi ilianza kupungua utamu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mtoto aliyekuwa nyuma siku ile ana mama yake." Hakusema zaidi. Walipata Salisbury katika gari bovu lililokuwa limelala miaka mingi, wakanunua beringi na sili mpya, wakaipima propela shafti kwa kamba kwanza, ndipo kwa futi. Badiliko la injini nalo likaandikishwa kwenye kadi ya gari, jambo lililokuwa limeachwa tangu mwanzo.

Nimepanda gari hilo mara nne tangu hapo, mlima ule ule. Breki ya mkono bado iko kwenye propela shafti, kwa hiyo utingo hajaliacha gogo lake. Hulilaza chini ya kiti changu.